Nani Kasema Lazima Tukimbie na Njaa?

Ndimu ilimponyoka mkononi, akaiokota. Ikamponyoka tena, ikatumbukia kwenye bakuli, mchuzi ukarukia kanga.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye kijiwe cha supu pembeni ya Barabara ya Kilwa. Jogging imeisha, watu wamejazana kwenye mabenchi na fulana zilizolowa, wanagombania chapati na vipande vya kongoro. Mama huyu sote tunamwita Shangazi. Alikuwa anamkamulia ndimu mjukuu wake. Yeye mwenyewe hakuwa na bakuli. Sisi wengine jasho lilishakauka. Yeye ndiyo kwanza lilikuwa linamtoka, usoni na shingoni, na midomo inamcheza.

"Shangazi, umekunywa hata chai leo?"

"Sijaweka kitu mdomoni, mwanangu. Si mlisema mafuta yanaungua vizuri mtu akiwa na njaa?"

"Na dawa za sukari?"

"Dawa nimemeza. Dawa nitaachaje?"

Kijana wa supu akakimbilia soda, ile yenye sukari yake kamili. Shangazi akaishika kwa mikono miwili, akanywa zaidi ya nusu. Ilipita kama robo saa mikono ikatulia, akaanza kuuliza kiatu chake cha kushoto kiko wapi. Kilikuwa chini ya benchi. Alikivua mwenyewe na hakuwa na habari.

Tangu siku ile swali lake halijaniacha.

Si mlisema?

Kweli tulisema. Linasemwa kila wiki kwenye kundi letu la WhatsApp, na anayelisema anaongeza alama ya moto na ya misuli.

## Kanuni yenyewe

Ina vipande viwili. Kabla ya mbio usile chochote, maji tu. Baada ya mbio kaa saa mbili bila kula, ili mafuta yaendelee kuungua. Ukivunja kimoja, eti mbio zako za siku hiyo zimekwenda bure.

Wapo wanaoongeza cha tatu: jifunge nailoni tumboni, au vaa koti zito. Hicho nakimaliza hapa hapa. Jasho ni maji na chumvi. Ukitoa lita moja ya jasho mzani utashuka kilo moja, na ukinywa maji mzani utarudi palepale. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar, kujifunga nailoni ni kuuzuia mwili usijipoze, na mtu anaweza kuanguka nayo.

Vile viwili vya kwanza vinahitaji subira, kwa sababu havikutungwa hewani.

## Saa kumi na moja alfajiri

Ini likiwa limejaa hubeba akiba ya sukari ya kama gramu 100. Usiku kucha linaitoa kidogo kidogo, sana sana kuulisha ubongo, na unapoamka alfajiri sehemu kubwa imeshatumika. Misuli nayo ina akiba yake, gramu 300 hadi 500 kwa mtu mzima wa kawaida, lakini hiyo ni ya misuli yenyewe na usingizi hauipunguzi sana.

Insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, nayo iko chini saa hizo. Insulini ikiwa chini, seli za mafuta huyaachia mafuta yaingie kwenye damu, na misuli huyatumia. Ukianza na chai ya sukari na maandazi mawili, insulini inapanda, na seli zile zinayashikilia mafuta kwa saa kadhaa. Mwendo utakaokimbia utaendeshwa zaidi na sukari.

Kwa hiyo anayesema kwamba mtu mwenye njaa anachoma mafuta mengi zaidi katika ile saa moja ya mbio anasema kweli kabisa.

Hapo nilikwama siku nyingi. Nilitaka kanuni iwe ya uongo, kwa sababu nilikuwa nimeiona mikono ya Shangazi. Lakini haikuwa ya uongo. Nikajiuliza kama tatizo ni Shangazi peke yake na sisi wengine tuendelee kama kawaida.

Kisha nikaona kwamba kanuni nzima inazungumzia saa moja. Siku ina saa 24.

## Wanawake ishirini, mwezi mmoja

Mwaka 2014 Brad Schoenfeld na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambalo laiti lingesomwa kwenye kila kundi la jogging. Waliwachukua wanawake vijana 20 wenye afya, wakawagawa mafungu mawili. Wote walikuwa kwenye mpango wa chakula uliopungua, na wote walifanya mazoezi ya kukimbia kwa mwendo wa wastani, saa nzima, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Kila mmoja alipewa kinywaji kilekile cha lishe. Fungu moja lilikunywa kabla ya mazoezi, jingine likakunywa mara tu baada ya kumaliza.

Chakula kilekile, mazoezi yaleyale. Kilichotofautiana ni saa.

Mwisho wa mwezi mafungu yote mawili yalikuwa yamepungua uzito na mafuta, na kati yao hapakuwa na tofauti ya maana.

Najua watakaosema wanawake ishirini ni wachache na mwezi ni mfupi. Ni wachache, na ni mfupi. Na wapo watafiti waliopima kitu kingine: mafuta yanayochomwa siku nzima. Wa Padova, Italia, waliochapisha 2011, walikuta kwamba waliokula kabla ndio walioendelea kuchoma mafuta zaidi hata siku ya pili. Wa Tsukuba, Japani, 2015, wakakuta kinyume chake: mazoezi ya kabla ya staftahi ndiyo yaliyoongeza mafuta yanayochomwa kwa saa 24. Ukizisoma hizo mbili usiku mmoja unaweza kulala na kichwa kinauma.

Lakini kuchoma mafuta leo si sawa na kupungua. Mafuta yanatoka kwenye akiba na kurudi kwenye akiba mchana na usiku. Ukiyatoa mengi alfajiri halafu ukala kupita mahitaji yako mchana, yanarudi. Kinachohesabika ni jumla ya wiki na miezi, kilichoingia na kilichotumika, na hapo saa ya kula ina nguvu ndogo mno kuliko tunavyoipa.

## Hesabu ya kwenye benchi

Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 8 anatumia kama kalori 560. Akikimbia nusu na kutembea nusu, kama wengi wetu tunavyofanya tukishavuka mataa, ni chini ya hapo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kama kalori 7,700. Ina maana mbio nzima ya Jumapili, hata ingeendeshwa na mafuta matupu, isingefika gramu 80.

Gramu 80 zenye mapigo ya moyo mazuri, mapafu mazuri na usingizi mzuri. Sizidharau. Ila ziweke pale mezani pamoja na chapati.

Chapati moja ya kijiweni, iliyokandwa na mafuta na kukaangwa na mafuta, haipungui kalori 250 na mara nyingi inafika 300. Mbili zimeshairudisha mbio yote. Ongeza kongoro lenye mafuta yake, ongeza soda ya chupa, na mtu ameondoka kijiweni na ziada, awe alikimbia ameshiba au na njaa.

Nimewatazama pia wale wanaozishika zile saa mbili za kukaa bila kula. Wengine wanaiweza, wanarudi nyumbani, wanaoga, wanakula kwa utulivu. Wengine ikifika saa tano wanakula pilau kwa sahani mbili, halafu wanalala mpaka alasiri, na siku ile hawasogei tena. Kwa huyu wa pili kanuni imemgharimu mara mbili: ameongeza kinachoingia na amepunguza kinachotumika.

Tena hakuna faida niliyoiona ya kuinyima misuli chakula baada ya mbio. Misuli inataka protini ijijenge, na mtu anayepunguza mwili anaihitaji zaidi kwa sababu bila hiyo anapungua na misuli pamoja. Haina haraka ya dakika, bado ipo tayari saa nyingi baadaye. Lakini aliyekimbia tumbo tupu tangu chakula cha jana usiku, huyo hasa ndiye wa kula mapema: mayai mawili, bakuli la maharage, au hiyo hiyo supu ikiwa ya nyama isiyo na mafuta mengi, na chapati moja igawanywe.

## "Mbona Wakenya?"

Hoja hii haikosi. Mbona Wakenya kule Iten, mji wa wakimbiaji, wanatoka alfajiri bila kula na ni wembamba vile?

Ni kweli wengi wao mbio za kwanza za siku huzikimbia kabla ya staftahi. Lakini utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu ulikuta kwamba zaidi kidogo ya robo tatu ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye wanga. Ugali uliongoza, na sukari, sana ile ya kwenye chai, haikuwa mbali nyuma yake. Walikula mara nyingi kwa siku na walikula punde baada ya mazoezi. Hakuna anayekaa saa mbili akiusubiri moto uzime. Wanakimbia asubuhi na wanarudia tena baadaye, na mwili wao umezoea kazi hiyo tangu ujana.

Sisi tunachukua saa yao ya kuamka, tunaacha ratiba yao yote iliyobaki.

## Kitu kilichonirudisha nyuma

Nilipokuwa nimeshajiandaa kuandika kwamba saa haina maana hata kidogo, nikakutana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, iliyochapishwa 2019. Waliwafuata wanaume 30 wenye uzito uliozidi kwa wiki sita. Wengine waliendesha baiskeli kabla ya staftahi, wengine baada ya staftahi, wengine hawakubadili kitu. Waliotangulia kuendesha kabla ya kula walichoma mafuta karibu mara mbili wakati wa mazoezi. Uzito? Kati yao na waliokula kwanza haukutofautiana.

Lakini insulini yao ilianza kufanya kazi vizuri zaidi. Mwili ulihitaji insulini kidogo kuishughulikia sukari.

Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo kila ukoo una mtu mwenye kisukari. Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana wa miaka 30 mwenye kitambi na asiye na dawa yoyote kwamba mbio zake za tumbo tupu ni upuuzi. Akijisikia vizuri, akikimbia chini ya saa moja kwa mwendo anaoweza kuongea, aendelee. Huenda anapata kitu ambacho mzani hauoneshi.

Ila angalia ugumu uliopo. Faida hii ni ya insulini na sukari, na wenye hamu nayo kuliko wote ni watu kama Shangazi, ambao ndio hatari ni kubwa kwao kuliko wote.

## Dawa zikiwemo

Hapa sitaki maneno yanayozunguka.

Zipo dawa za sukari zinazousukuma mwili utoe insulini hata kama hujala. Glibenklamaidi, ambayo wazee wengi wanaijua kwa rangi ya kidonge, ni mojawapo. Sindano ya insulini ni insulini yenyewe. Mtu akimeza au kujidunga, asile, halafu akimbie, misuli inavuta sukari, dawa nayo inaisukuma ishuke, na ini limeshatoa akiba yake usiku. Metformini peke yake mara chache inafanya hivyo, lakini wengi wanachanganyiwa dawa mbili na hawajui ipi ni ipi.

Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye kile kipimo cha kidole, imeshuka. Dalili ni zilezile tulizoziona kijiweni: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kisha kuchanganyikiwa. Ikiachwa inafika kwenye degedege na kuzimia. Dawa yake ya papo hapo ni gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka, yaani nusu soda ya kawaida au vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji, kisha upime tena baada ya robo saa. Chapati haifai kwa kazi hiyo, mafuta yake yanaichelewesha. Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mpeleke hospitali. Na kushuka kunaweza kuja saa nyingi baada ya mbio, hata usiku.

Shangazi alikwenda kliniki na kidonge chake mkononi. Wakambadilishia mpangilio, na wakamwambia ale kitu kabla ya kutoka. Siku za mbio anakula ndizi mbivu moja na kikombe cha uji, nusu saa kabla. Amepungua, taratibu, kwa sababu amepunguza ugali wa usiku na ameacha soda za jioni.

Ukiwa unaendesha kundi la mazoezi, popote ulipo, waulize watu wako wanatumia dawa gani kabla hujawapangia njaa. Na muwe na soda moja kwenye begi.

## Anayekula kabla, ale nini na lini

Haraka haraka, maana watu wananiuliza. Mlo kamili unahitaji saa tatu hivi kabla ya mbio. Kitu chepesi, kama ndizi, uji mwepesi au kipande cha mkate mkavu, nusu saa hadi saa moja kinatosha. Vitumbua na maandazi ndivyo vinavyowaletea watu kiungulia njiani, kwa sababu mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, na ukikimbia damu inakimbilia miguuni, tumbo linabaki na mzigo wake. Mbio zikizidi saa moja na nusu, aliyekula kitu kabla kwa kawaida atakwenda vizuri zaidi. Chini ya saa moja, wengi hawataona tofauti.

## Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani ndiyo inayotuonesha jambo hili kwa ukubwa wake, maana pwani nzima inabadili saa za kula kwa mwezi. Kuna wanaokimbia saa kumi na moja jioni wakiikaribia adhana, na wanarudi wakidhani huo ndio moto wa mwisho. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonesha kwamba kwa wastani watu hupungua kilo moja na kitu mwezi huo, na sehemu kubwa hurudi ndani ya wiki chache za baada ya Idi. Sina shaka kaimati na sambusa zina sehemu yao. Mbio za kabla ya futari zina uzito mwingine: mtu hajanywa maji mchana kutwa. Mimi nashauri kutembea kwa mwendo mzuri saa hiyo, au kukimbia kidogo baada ya tarawehe, tende na maji vikiwa vimeshatulia. Ibada ya funga ina malengo yake, na sipendi tunapoigeuza mpango wa kukata kitambi.

## Asiyechagua saa

Kundini tuna mama lishe. Anaamka saa tisa usiku kuinjika maharage na kukanda ngano. Anaonja chumvi huku na huku. Anauza mpaka saa nane mchana, na mara yake ya kwanza kukaa chini ale ni saa tisa alasiri. Jumapili hafungui, ndipo anapokimbia nasi. Siku nyingine mazoezi yake ni kutembea.

Alinipigia: "Hiyo kabla ya kula mnayoijadili, kwangu mimi ni saa ngapi?"

Tulikaa tukapanga. Kikombe cha uji saa kumi na mbili, maharage yakiwa yameiva na wateja hawajafika. Mlo wa saa tisa uwe na maharage na mboga kwa wingi, wali kiasi. Maandazi yasiyouzwa ayagawe kwa majirani, maana alikuwa anayamaliza yeye usiku ili yasiharibike, na hapo ndipo ilipokuwa sehemu kubwa ya uzito wake. Matembezi yake ayafanye baada ya ule mlo wa alasiri, kwa sababu kutembea ukiwa umetoka kula huishusha sukari ya damu, na saa hizo ndiyo ana nafasi.

Kilichotushinda ni usingizi. Analala saa nne usiku anaamka saa tisa, na mtu anayelala kwa saa tano tu kila siku njaa yake huwa kubwa na hamu ya vitu vitamu haimwachi, ale saa yoyote. Binti yake mkubwa amekubali kukanda ngano siku mbili kwa wiki. Tunatafuta nani atamsaidia kwa maharage.